Mapazia ya Shangazi

Shangazi yangu ana magoti mabovu, mdomo mkali na mapazia manane. Mapazia nimeshona mimi, maana ni fundi cherehani. Magoti ameyamaliza kwenye ngazi za mnara wa taa, vidato mia moja na ishirini na saba. Mdomo kazaliwa nao.

Mnara wenyewe ulijengwa zamani, baada ya meli tatu kupanda mwamba mmoja katika mwaka mmoja. Mbili za kwanza zilibeba watu wa kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Ya tatu ilimbeba mkubwa wa serikali na suti zake zote. Mwamba ukaonekana siku hiyohiyo! Babu yangu akaajiriwa kupandisha mafuta ya taa kwa ndoo, na alipozeeka kazi akamwachia bintiye. Mafuta yakaondoka, umeme ukaja, shangazi akabaki. Waume wawili walimwoa wakitaka ahamie mjini. Wote walihamia peke yao.

Watu wanadhani kazi yake ilikuwa kuwasha taa. Wapi! Taa ni swichi tu. Kazi ni mapazia. Kule juu pana chumba cha vioo, na katikati yake lenzi, kioo kinene kinachonizidi urefu, chenye mlango mdogo wa kufikia balbu. Usiku lenzi huuchukua mwanga wa balbu na kuurusha baharini. Mchana mambo hugeuka: jua likiingia, lenzi hulikusanya lote na kulimwaga pale kwenye balbu. Chochote kilichopo kinaungua. Basi kila alfajiri shangazi alipanda kufunga mapazia, na kila jioni kuyafungua, miaka thelathini na minne. Kwenye harusi yangu aliondoka kabla ya chakula ili awahi. Nilinuna mwezi mzima.

Miaka sita iliyopita ofisi ikasimika taa ya kisasa juu ya nguzo, inayojiwasha yenyewe na isiyo na magoti. Tukajua kinachofuata. Shangazi hana nyumba nyingine ila ile iliyo chini ya mnara, na nilipomwambia aje kwangu alijibu, "Nikasikilize cherehani kutwa? Bora uniue." Lakini hofu ilimwingia. Nilimkuta anapaka rangi mlango usiohitaji rangi.

Asubuhi moja, saa tatu, akaja Bwana Mkubwa wa ofisi, mkoba wa ngozi kwapani, akitaka kupiga picha kule juu. Shangazi magoti yalikuwa yanamuuma, akanituma nimpeleke.

"Mapazia yasiguswe," akaniambia.

Tulipofika, Bwana Mkubwa akauweka mkoba wake mle ndani ya lenzi, kando ya balbu, apate nafasi ya kushika simu. Kisha akavuta mapazia, shwaa!

"Mkubwa, shangazi hataki yafunguliwe."

"Picha utapigaje gizani? Mapazia tu haya, bwana!"

Nami, mwanamume mzima mwenye mvi, nikaufyata. Akapiga picha, nyingi zikiwa za uso wake, akasema tushuke tunywe chai, atarudi kumalizia. Mkoba ukabaki.

Shangazi alikuwa anamimina chai. Akatupa jicho dirishani, juu mnarani, birika likamponyoka.

"Nani kafungua?"

Hakungoja jibu. Mwanamke ambaye juzi yake nilimshika mkono kuvuka kizingiti, alizipanda ngazi zile mbiombio huku akinitukana kwa pumzi aliyobakiwa nayo. Nilimkuta keshafunga mapazia, anaukanyagakanyaga mkoba sakafuni, moshi umetanda. Mkoba ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na katika tundu imechungulia barua iliyoandikwa kwake.

Akakaa chini, akaisoma. Mnara kufungwa mwisho wa mwezi. Nyumba kurudishwa. Hakulia. Aliyelia ni mimi.

"Ungeiacha iungue, Shangazi."

"Na mnara uungue? Mjinga wewe. Nipe mkono."

Tukashuka kidato kwa kidato. Bwana Mkubwa alikuwa anakunywa chai, hana hili wala lile. Shangazi akamwekea mkoba mezani, bado unafuka, na barua juu yake.

"Barua yangu nimeshaisoma. Imeungua pembeni tu," akasema. "Taa mmeiachisha kazi, na mimi mmeniachisha. Na jua, umeliandikia?"

Macho yakamtoka. "Mama, si tutayafunga mapazia, tufunge na mlango?"

"Jua linakula kitambaa. Huyu hapa hushona mapya kila mwaka. Likichanika moja na mlango umefungwa, atapanda nani? Wewe?"

Bwana Mkubwa akatazama tundu la mkoba, akatazama mnara. Lenzi ile haishuki bila kuubomoa mnara. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akasema atakwenda kuwauliza wenzake.

Hadi leo anawauliza. Umeme wa taa walikata, nyumba hawakuigusa. Magoti ya shangazi sasa yamegoma kabisa, kwa hiyo anayepanda kukagua mapazia ni mimi, na yeye hukaa dirishani kuhakikisha nimefika. Nikichelewa nakipata.

Mwezi uliopita nilimwoza binti yangu. Watu wakinawa mikono, upepo ukaanza kuvuma, ule unaopenya kwenye vioo vya mnara na kupeperusha mapazia. Nikamtazama shangazi, naye akanitazama. Niliondoka kabla ya chakula, na binti yangu amenuna mpaka leo.