Sauti ya Mke wa Seremala

Seremala alikuwa na santuri moja tu, na upande mmoja tu wa santuri hiyo ndio aliouthamini. Humo mkewe, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliimba na bendi iliyovunjika mwaka uleule. Mke alifariki binti yao akiwa bado ananyonya. Picha zilibaki tatu. Sauti ilikuwa hiyo tu, na kwa miaka thelathini hapakuwa na chombo cha kuipigia.

Sasa chombo kilipatikana. Alikitoa kwa muuza vyuma chakavu, kimejaa kutu na mavi ya panya, akakaa nacho chumbani miezi mitatu. Alipiga msasa mhimili wa sahani inayobeba santuri mpaka ukazunguka bila kulalamika, akakata mkanda mpya kwenye mpira wa baiskeli, akakiundia sanduku la mbao za mkangazi lisilo na msumari hata mmoja. Fundi redio wa jirani, waliyemwita Waya kwa wembamba wake, ndiye aliyefunga mota na sindano.

"Mzee, sanduku limependeza mno," Waya alisema akiligonga. "Nikifa nizikeni humu."

"Hutoshi. Miguu mirefu kama uongo wako."

Waya akacheka. "Haya, binti anakuja lini?"

"Kesho mchana."

"Basi ifute santuri kwanza. Vumbi likibaki kwenye mistari, utasikia mbuzi badala ya shemeji."

Asubuhi seremala akafanya kama alivyozoea kufanya kwa kila kitu kilichopita mikononi mwake. Alilowesha kitambaa kwa spiriti, akapangusa kwa kuzungusha, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Kitambaa kikatoka cheusi. Akafurahi: uchafu wote huo! Akaongeza spiriti. Ndipo kidole kikanata.

Aliijua harufu ile kabla hajajua maana yake. Ilikuwa harufu ya polishi yake mwenyewe, ya magamba ya lakiri anayoyayeyusha kwa spiriti kupaka makabati ya watu. Santuri za zamani zilifinyangwa kwa lakiri hiyohiyo. Katika mtaa mzima, mtu aliyepaswa kujua kwamba spiriti huila lakiri alikuwa yeye.

Binti alimkuta ameketi, mikono mapajani.

"Shikamoo, baba. Mbona umenuna siku ya shughuli yetu?"

"Marahaba, mama. Keti."

Akashusha sindano. Ukingoni, ambako kitambaa hakikufika vizuri, gitaa lilichungulia mara mbili. Kisha ukafuata mchakacho, kama changarawe inayomwagwa bila kwisha. Binti aliinamisha kichwa, akatabasamu, akangoja.

"Mama anaanza wapi?"

"Ndiye huyo anaimba."

Tabasamu likakaa usoni pake muda mrefu, halina pa kwenda. Baba akamweleza yote, mpaka kitambaa akamwonyesha. Binti hakumlaumu, laiti angemlaumu.

"Basi niimbie wewe. Kama alivyoimba yeye."

Maneno aliyakumbuka yote. Alifumba macho, akaanza, akaitafuta sauti ya mkewe chini ya ile yake iliyokwaruza. Hakuikuta. Akatambua kwamba kwa miaka mingi, kila alipodhani anamsikia, alikuwa akijisikia mwenyewe.

"Alikuwa hivyo?" binti akauliza.

"Hapana."

Binti akanyanyua sindano, akairudisha mwanzo, penye gitaa lile.