Uzio wa Mawifi

Fundi wa uzio huongea akiwa na misumari mitatu mdomoni, na hakuna neno linalompotea. Kabla ya kuchimba shimo huuliza swali lile lile. "Mama, tunazuia nini?"

"Mbuzi wa wifi yangu," alijibu mama mwenye shamba. Tangu mbuzi hao wamalize maharage yake, mawifi hao walikuwa hawapeani hata salamu.

"Mbuzi tu?"

"Na wifi mwenyewe."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ameagizwa kilo ya misumari. Akashauri wavu wa waya, kwa kuwa kwenye seng'enge mbuzi hupenya. Kila nguzo aliyoisimika aliisukuma kwa bega, akasikiliza, akaisukuma tena. Kwa siku mbili mama alimwangalia akienda hivyo, nguzo kwa nguzo, mpaka kwenye kijia kinachounganisha jiko lake na la wifi yake. Hapo akaacha nafasi ya hatua moja, akaanza kupachika lango.

"Sikuagiza lango, fundi."

"Ardhi hapa imekanyagwa miaka mingi, mama. Mtaimbo hauingii."

Mtaimbo hata hakuwa ameujaribu. Mama akalitazama lango, asiseme ling'olewe. "Basi komeo likae upande wangu."

"Upande wangu!" ikajibu sauti kutoka jiko la pili.

Fundi akatoa misumari mdomoni, akatafakari. Akafunga makomeo mawili, moja kila upande, akaondoka. Sasa lango lile halifunguki mpaka mawifi waitane.