Kaburi la Ruziba: Safari ya Kumdai Kaka Yangu

Niliondoka Ujiji kwa sababu maiti iliyoletwa kuoshwa nyumbani kwa kaka yangu haikuwa yake. Kaka Ramadhani alikuwa fundi wa magari Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Bujumbura, na aliishi huko tangu ujana wake. Siku ya kifo chake alikwenda Kanyosha kutengeneza lori lililoharibika. Akaanguka kando ya lori lile na kukata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Saa za amri ya kutotembea usiku zilikuwa zimekaribia, kwa hiyo mwili ukalazwa katika nyumba ya mazishi ya mtu binafsi. Kesho yake ulipoletwa na shuka likafunuliwa, mkewe, wifi yangu Asha, aliona uso wa mzee asiyemjua. Mwenye nyumba ya mazishi alimwambia kwamba vita vimeleta maiti wengi, makosa hutokea, amzike tu huyo. Asha alimrudisha yule mzee, kisha akanipigia simu dukani kwa jirani yangu. Wazazi wetu walikwisha fariki, ndugu nilibaki mimi peke yangu. Nikafunika cherehani, nikaaga wateja, nikaondoka.

Manyovu, mpakani, nilikuta watu wakija upande wetu na magodoro vichwani. Ofisa wa uhamiaji aliniuliza nakwenda kutafuta nini mahali wenzangu wanapopakimbia. Nilimjibu kwamba nakwenda kumdai maiti. Alinitazama kidogo, akagonga muhuri, akaniombea heri.

Kutoka Nyanza-Lac magari hayakuruhusiwa kwenda moja moja. Tulingoja hadi msafara ukamilike, askari wakakaa mbele na nyuma. Upande wa kushoto kulikuwa na ziwa, limetulia kama halina habari na sisi. Upande wa kulia milima, na huko ndiko macho ya wote yalikoelekea. Mama mmoja wa Rumonge, muuza mawese, alikuwa amekaa karibu nami na alinishika mkono kila tulipoingia penye miti mingi. Hatukuambiana majina. Tulipita Ruziba jua likiwa bado juu, nikaona migomba na nyavu zilizoanikwa, nikafurahi tu kwamba mji umekaribia.

Buyenzi nilimkuta Asha yuko edani. Shehe wa mtaa alikuwa amemruhusu kutoka mchana kwa shida hii, maana haki ya mume wake ilikuwa imeshikwa na watu. Hatukulia sana. Alinipa chai, akanieleza yote tangu mwanzo, na asubuhi tukaenda pamoja.

Kwenye nyumba ya mazishi mwenyewe alitupokea kwa heshima, akatupa viti. Alikiri kwamba kaka alitolewa kwa familia nyingine kwa makosa, lakini alikataa kuwataja, akisema hiyo ni siri ya wateja wake. Kisha akatusogezea karatasi. Angeturudishia tulichotoa na kuongeza cha kutufuta machozi, nasi tungesaini kwamba hatumdai kitu tena.

"Maiti haulizwi sanda, mama," alimwambia Asha kwa upole. "Saini, mupumuzike."

"Ni kweli haulizwi," Asha akasema. "Ndiyo maana tunaulizwa sisi. Mi sisaini."

Karibu na soko kuu tulipanda ngazi hadi kwa avoka mmoja, yaani wakili, mwanamke mwenye sauti ndogo. Swali lake la kwanza lilikuwa kama tumesaini chochote. Tuliposema hapana, ndipo akatukaribisha kukaa. Alitufafanulia kwamba tuna njia zaidi ya moja, na kwamba moja haifungi nyingine. Tunaweza kupeleka mashtaka parike, yaani kwa mwendesha mashtaka, kwa sababu kumtoa maiti wa watu ovyo si uzembe wa dukani. Tunaweza pia kudai fidia mahakamani kwa madhara tuliyopata. Lakini la kwanza kabisa ni kumpata kaka, na kaburi haliguswi bila amri ya parike.

"Mukienda na majembe yenu, mutakuwa nyie ndiyo washitakiwa," alituonya. Akatutaka tutunze stakabadhi ya nyumba ile, na waosha maiti waliokuja kwa Asha siku ile watoe ushahidi wao upesi, maana wakati wa vita shahidi wa leo kesho yuko kambi ya wakimbizi.

Parike hatukufanikiwa mara moja. Siku nyingine milango ilikuwa imefungwa kwa sababu ya milio ya bunduki vilimani, siku nyingine anayehusika hayupo. Karani mmoja alichoka kutuona. Alituambia watu wanauawa kila siku, nasi tunamsumbua kwa mtu aliyekufa kifo cha Mungu. Nilimjibu kwamba kama serikali inashindwa kumrudisha mmoja aliyekufa kwa amani, ndugu za hao waliouawa watakuja kwake kwa matumaini gani? Jalada letu lilipanda juu, na mwenye nyumba ya mazishi akaitwa. Mbele ya mwendesha mashtaka siri ya wateja iliisha. Kaka alikuwa amezikwa Ruziba.

Tuliposhuka huko, baada ya Kibenga na Kanyosha, niliitambua ile migomba. Nilikuwa nimempita kaka yangu nikiwa nafurahi.

Ruziba tulifika na avoka na wazee wawili wa upatanishi, wanaoitwa bashingantahe. Familia ile ilikuwa ya Mama Kandida, mjane mkulima. Mumewe, Mzee Petero, alifia hospitali wakati mama huyu amekimbilia kambini. Nyumba ya mazishi ilimpa sanduku lililopigwa misumari na kumkataza kulifungua. Mwanawe mkubwa alisimama mlangoni asituruhusu kupita.

"Apana mutu atafukua kaburi ya baba," alisema.

Nilimwambia, "Baba yako hayumo, mwanangu. Yuko mjini kwenye barafu, anawangojeni."

Mama Kandida alitoka ndani polepole. Alimuuliza Asha mzee aliyemwona alikuwa na nini. Asha alisema alikuwa na rozari ya mbegu nyeusi shingoni, na uzi wake umeungwa kwa uzi mwekundu. Mama akakaa chini palepale.

"Ni mi niliunga," alisema. Kisha akamwambia mwanawe atupishe.

Amri ilipotoka, kaburi lilifunguliwa asubuhi mbele ya polisi na daktari. Niliombwa nitazame mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa hakina ncha, kilikatwa na mkanda wa injini miaka mingi nyuma. Nikasema ndiye. Mwili haukuweza tena kuoshwa kwa maji, kwa hiyo shehe akamtayamamisha kwa udongo, akavishwa sanda, tukamzika kati ya Waislamu wenzake. Kesho yake tulirudi Ruziba kwa mazishi ya Mzee Petero. Asha alikaa mwisho wa umati, hadi Mama Kandida alipotuma mtu amlete karibu naye.

Mwenye nyumba ya mazishi alijaribu tena na karatasi zake, safari hii kwa kila familia peke yake. Hakupata saini hata moja. Avoka aliunganisha madai yetu, nami nikamwachia Asha uwakilishi wa kisheria kabla ya kupanda gari la msafara kurudi.

Ujiji nilifika salama, na watu wengi wameniuliza faida ya safari ile. Nawaambia hivi: usisaini ukiwa na machozi, usishike jembe kabla ya amri, na jua kwamba mwenzako aliyeumizwa na mkono uleule huenda anaishi ng'ambo ya dini yako. Kesi ilikwenda polepole, kama kila kitu cha miaka ile, lakini ilifika. Mahakama iliitia hatiani nyumba ile na kuiamuru izilipe familia zote mbili. Asha alinisimulia kwamba siku ya hukumu hakimu aliuliza mjane mlalamikaji ni nani. Wakasimama wawili, yeye na Mama Kandida, wameshikana mikono.