Bahasha ya Fundi wa Picha

Fundi wa picha wa Ukunda hamkabidhi mteja bahasha bila kumtania. "Hapa bibi harusi kafumba macho. Hapa mjomba kaanza kula kabla ya wageni." Vidole vyake vina madoa ya dawa ya kuoshea filamu, na kila picha huishika kwa kingo tu. Twaiba, mteja wake wa siku nyingi, aliupenda utani huo. Kwenye harusi ya mdogo wake, ndiye aliyekusanya simu za wanawake mlangoni, akawagawia kamera za filamu za kutumia mara moja, kwa kuwa hizo hazirushi picha kokote. Wakavua mabuibui, wakacheza vichwa wazi, naye akacheza kuwashinda wote. Hakukumbuka kwamba filamu lazima ioshwe, na kwamba muoshaji huswali safu moja na mumewe.

Siku ya kuzichukua, fundi aliisukuma bahasha juu ya kaunta, imebandikwa gundi pande zote.

"Zimetoka zote, dada," alisema, akivitazama vidole vyake mwenyewe.

Twaiba alisimama akingoja utani. Fundi akachukua kitambaa, akaanza kukifuta kioo cha kaunta, ambacho tayari kilikuwa safi.