Mgongo wa Mwalimu

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kariandusi kwa nyanya, tukivuna viazi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo uling'ang'ania jembe, kwa hivyo kazi ilienda polepole, na kufikia saa kumi nyanya akasema viazi vilivyobaki vitangoja kwa sababu havina miguu. Nikanawa mikono, nikateremka hadi kiwanja cha shule ya msingi. Kama ulikulia upande huu wa bonde, kiwanja hicho unakijua hata kama hujawahi kukikanyaga: katikati nyasi zimekwisha, kwenye kona zimejaa mpaka mpira unapotea, na alasiri upepo unapanda kutoka ziwani ukileta harufu ya magadi.

Wavulana walikuwa wakicheza mechi. Beki mmoja mdogo akateleza, mpira ukampita, wageni wakafunga. Kocha wa beki huyo, kijana aliyevaa kofia na kushika simu, akamwita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Wewe, kwenu hakuna kitanda? Unakuja kulala hapa?" Wenzake wakacheka. Lakini maneno hayo siyo yaliyonishika. Kilichonishika ni kwamba yule mtoto, kabla ya kuinuka, kabla hata ya kutazama mpira umeingia au umetoka, aligeuza kichwa akamtafuta kocha. Alitaka kwanza kuona uso.

Macho yale niliyajua. Sisi pia tulitazama hivyo, katika kiwanja hicho hicho. Tofauti ni kwamba sisi hatukupata uso. Tulipata mgongo.

Tulikuwa timu ya wasichana, darasa la sita mpaka la nane, na kocha wetu alikuwa mwalimu wa hesabu. Tulimwita Mwalimu tu, ingawa shule ilikuwa na walimu wengi. Wengine walikuwa na majina. Alikuwa mrefu, mkimya, na koti lake la kahawia halikuvuliwa hata jua likiwa kali. Hakutupiga wala hakututukana. Katika mechi zetu za kwanza makocha wa shule nyingine walipayuka mpaka mishipa ikasimama shingoni, naye alisimama kando ya mstari mikono mfukoni, tukajiona watoto wa bahati.

Mstari wenyewe tuliuchora sisi. Ijumaa baada ya masomo tulikwenda kuokota mabonge ya ule udongo mweupe unaochimbwa kwetu, yaliyoanguka kutoka kwenye malori. Ni udongo wa ajabu: bonge kubwa kama kichwa cha mtu, na ukilinyanyua ni jepesi kama mkate. Tuliyatia kwenye gunia tukayaponda kwa mpini wa jembe, tukachekecha kwa chekecheo la nyanya bila ruhusa yake, kisha tukaujaza unga kwenye mkebe uliotobolewa chini. Mmoja alishika kamba, mwingine alitembea akitikisa mkebe. Tulirudi nyumbani miguu myeupe mpaka magotini. Mama mmoja jirani yetu alizoea kutuuliza kama tumetoka mechi au tumetoka kaburini. Nyumbani kulikuwa na githeri ikichemka na chai ya maziwa, nasi tulikula na ule unga bado uko kwenye nyusi.

Aliyechekecha vizuri kuliko wote alikuwa kipa wetu, binti wa jirani huyo huyo. Alikuwa na mikono mirefu isiyolingana na mwili wake, na alivaa glavu za kazi za baba yake, zile ngumu za kubebea mawe. Akidaka mpira ulisikika kama mlango uliofungwa na upepo. Alikuwa mcheshi. Tulipokuwa tukishambuliwa aliwaambia mastraika wa timu nyingine, "Dada, karibu, lakini hapa hakuna chai." Mimi nilikuwa beki mbele yake, na nakwambia kweli, nilicheza bila wasiwasi kwa sababu nilijua yuko nyuma yangu.

Sasa kuhusu mgongo. Ukikosea, ukapoteza mpira mahali pabaya, ukapiga penalti nje, Mwalimu aligeuka. Hakusema neno. Aligeuka akakupa mgongo, akatazama ng'ambo ya ziwa, kwenye kile kilima kinacholala kama mtu chali. Alikaa hivyo kitambo, kisha akarudi kutazama mchezo kana kwamba hakuna kilichotokea. Jambo hilo halikuzungumzwa, wala wakati wa kula machungwa mapumzikoni, wala Jumatatu. Lakini sisi tulilipa jina. Tulisema, "Leo nimepewa koti." Tulicheka tukisema hivyo, lakini tulitamani ukali. Shule ya jirani walichapwa, wakalia, wakasahau kabla ya kufika nyumbani. Koti hukuweza kulisahau, kwa sababu hukujua limesema nini. Kila mmoja alilijazia maneno yake mwenyewe, na unajua mtoto anavyojijazia maneno.

Mechi ninayotaka kukueleza ilikuwa Gilgil, fainali ya wasichana. Tulipanda nyuma ya lori la viazi, tukaimba njia nzima. Kila mtu alijua kwamba mwalimu mkuu wa shule moja nzuri ya upili angekuwepo, na kwamba alikuwa akitafuta kipa. Kipa ambaye angempenda angesoma kwake bila karo. Baba wa kipa wetu alikuwa kibarua. Nyumbani kwao hiyo mechi haikuwa mchezo. Mama yake aliamka alfajiri kumpikia uji wa wimbi, akamfunga nywele vizuri kama anayeenda kanisani.

Nusu ya kwanza alidaka kila kitu. Nilimwona yule mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani, akimwonyesha mwenzake kwa kidole. Kisha manyunyu yakaanza, mpira ukawa na utelezi, na nusu ya pili ikaja krosi ya kawaida kabisa, ya kudakwa na mtu yeyote. Kipa akatoka, akaishika, ikamponyoka kwenye zile glavu za mawe, ikadunda polepole, ikaingia. Yeye akageuza kichwa upande wa mstari.

Koti.

Nilimwona akilitazama lile koti. Nilimpigia makofi, nikamwambia, "Kipa, bado tuko, achana nayo." Hakunisikia. Kuanzia hapo hakutoka golini tena. Alibaki kwenye mstari wake kana kwamba amefungwa kamba, na bao la pili lilikuja kwa krosi ile ile, safari hii bila yeye kuifuata. Mama mwenye miwani aliondoka kabla ya filimbi ya mwisho.

Kwenye lori alikaa mbele, kichwa kwenye gunia. Sote tulikuwa tukilia, kwa hivyo kilio chake hakikuonekana kuwa tofauti. Aliniambia jambo moja tu: "Hata kuniangalia hakuweza." Ijumaa iliyofuata hakuja kuponda udongo. Nilienda kwao, mama yake akasema ameamua kushika masomo. Glavu zilikuwa zimerudi kwa baba.

Mimi nilikwenda chuo kikuu, na huko nikajifunza kutoamini hadithi zinazonyooka sana. Kwa hivyo sitakwambia kwamba mgongo mmoja uliharibu maisha ya mtu. Huenda hata angedaka yule mama angechagua mwingine. Huenda angeumia goti. Sasa hivi anafunga maua kwenye shamba moja kule Naivasha, ana watoto wawili, na akicheka bado anacheka kwa mwili mzima. Ninachosema ni kidogo: kulikuwa na kitu alichokipenda, akakiacha siku moja, na hakuna mtu mzima aliyemfuata kumuuliza.

Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka Jumamosi. Maana nilipokuwa pale kiwanjani nikimtazama kocha mwenye simu, nilimwona Mwalimu amekaa kwenye jiwe nje ya goli. Amestaafu, amekonda, koti ni lingine lakini rangi ni ile ile.

"Beki wangu," akasema. "Bado unauliza maswali?"

"Bado, Mwalimu."

"Na siku hizi anakujibu nani?"

Tukacheka. Tukaongea kuhusu viazi, kuhusu nyanya, kuhusu ziwa lilivyopanda. Kisha nikamuuliza, kwa sababu ningelala vibaya nisipomuuliza: "Mwalimu, kwa nini ulikuwa unatupa mgongo?"

"Mgongo gani?"

"Tukikosea. Ulikuwa unageuka."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kumbe mlikuwa mnaona?"

"Ndicho kitu tulichokuwa tunaangalia."

Akavua kofia, akaikunja. Akaniambia kwamba ana uso mbaya. Akikasirika hata kidogo, uso wake unasema mara kumi zaidi. Mkewe amemlalamikia tangu walipooana. "Na mimi nilicheza nikiwa kijana," akasema. "Nikakosa penalti. Kocha wetu hakusema kitu, aliniangalia tu. Hiyo sura nimezeeka nayo. Nilipopewa nyinyi nikasema, hapana, hawa watoto hawataiona. Nikisikia uso unabadilika, nageuka, naangalia kile kilima mpaka upoe. Ndipo narudi."

Miaka yote ile nilikuwa na hoja zangu tayari, nimezipanga, na sasa hazikuwa na mtu wa kupigana naye. Alikuwa ametuficha kitu kimoja na kutupa kingine, kwa mapenzi kabisa, na hakuwahi kusema sentensi moja ambayo ingetosha. Hata pale lorini: nimekasirika, itapita, kesho njoo.

"Na yule kipa wangu?" akauliza. "Mwenye mikono. Darasani nilishindwa kumuuliza, nikaenda kwao kumuulizia, wakaniambia masomo. Nikaona ni vizuri, hesabu alikuwa anajua. Lakini nilisikitika. Sijapata kipa kama huyo."

Alienda kumuulizia. Hilo sikulijua. Nadhani hata kipa hakulijua. Labda mama yake aliona aibu kusema mwalimu amekuja siku ambayo nyumba haina sukari ya chai.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nyanya husema si kila jiwe la shambani ni la kuinua, mengine yanashikilia udongo. Lakini mzee alikuwa ameuliza, na swali lililoulizwa vizuri mimi huliheshimu. Nikamwambia. Fainali, krosi, koti, maneno ya kwenye lori.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka pale kwenye jiwe na kugeuka, akatazama ng'ambo ya ziwa.

Ule mgongo niliujua kila mkunjo. Nikasimama nyuma yake kama nilivyosimama utotoni, nikingoja arudi. Halafu nikafanya jambo ambalo katika timu nzima hakuna aliyewahi kulifikiria: nikazunguka, nikapita kwenye nyasi ndefu za kona, nikasimama mbele yake.

Hakuniambia nitoke.

Sasa timu ya wasichana haipo. Ilikufa alipostaafu, na hakuna aliyeifufua. Udongo mweupe hauchezewi tena, wavulana wanaweka vijiti na mabegi kwenye kona, na mstari ni mahali kocha anaposimama. Chekecheo la nyanya liko bado, limening'inia jikoni. Usiku ule nililigonga na kiganja, ukaanguka unga kidogo kwenye kifua changu, wala sikuupangusa.

Kisha nikampigia simu kipa. Nyuma yake kulikuwa na sufuria na watoto wakigombania kitu. Nilimweleza yote, na kuhusu Mwalimu kwenda kwao. Watoto walinyamazishwa.

"Ulimwona uso?" akauliza.

"Nilimwona."

"Ni mbaya kweli?"

"Si mbaya. Ni uso wa mtu mzee. Alikuwa analia."

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Angenionyesha hata hasira ya simba," akasema, "mimi ningerudi Ijumaa."