Mchicha wa Kando ya Banda

Mbweha wa Woolwich, mtaa wetu huku ughaibuni, hana haya hata chembe. Alinilia kuku wawili mchana kweupe, akanitazama, kisha akaondoka kwa mwendo wa bwana harusi.

Jirani yangu Njoroge, muuguzi kutoka Kenya, akanipa dawa. "Zungushia banda mkojo wa mwanaume. Hatarudi."

Basi mimi, mtu mzima wa Unguja niliyefunzwa kuchuchumaa, kila asubuhi nikawa nalizunguka banda nimesimama kama mpira wa kumwagilia bustani. Mbweha alikoma kweli. Na mchicha alioupanda mke wangu pale kando ukanawiri ajabu.

Kisha mama mkwe akaja kututembelea kutoka Zanzibar. Ijumaa asubuhi nilimwona ameinama kando ya banda, kisu mkononi. Niliporudi kutoka msikitini na wageni watatu, nikakuta wali, samaki, na bakuli kubwa la mchicha wa nazi.

Najisi tupu! Lakini mkweo unamwambiaje jambo kama hilo? Nikapakua tu. Wageni wakausifu, wakaongeza. Nami, kwa woga, nikafumba macho nikameza matonge mawili.

Mama mkwe akanisogezea bakuli. "Kula, baba, usiogope. Ule wa bandani nimeukata nikautupa. Huu nimeununua sokoni."

Wageni wakaacha kutafuna.

"Kila asubuhi nakuona kwa dirisha la juu," akasema. "Nilitaka kujua tu kama ungetuacha tule."