Boksi la Nyuma ya Gunia la Pamba

Enzi zetu mtoto alikuwaga hanunuliwi mpira. Ungemwambia mzee wangu akununulie mpira angekutazama kama umeomba ndege. Tulikuwaga tunatengeneza wenyewe: matambara ndani, mfuko wa nailoni juu, halafu unakaza na kamba ya katani mpaka vidole vinatoka malengelenge. Shida yake moja tu, ulikuwaga haudundi. Ukishuka chini unakaa palepale kama ng'ombe aliyeshiba.

Hapo ni kwetu Mugeta, kule Bunda. Pamba na ng'ombe. Asubuhi kiporo cha ugali na maziwa mgando, yale mazito mpaka kijiko kinasimama chenyewe na kusalimia wageni. Jioni mpira wa chandimu, wavulana na wasichana pamoja, kwenye uwanja ambao ng'ombe walikuwa wameshakata nyasi bure. Mimi Bhoke nilikuwa golikipa. Usicheke! Leo mnaniona nauza samaki, sato na furu, hapa Musoma, mwili umenawiri, lakini zamani nilikuwa naruka juu, mpaka nishuke nimeshasahau nani alipiga shuti.

Sasa siku moja kaka yangu Magesa, ndiyo mkubwa wetu na ndiyo kapteni, akaingia ghalani kuiba pamba ya kujazia mpira. Nyuma ya gunia akakuta boksi. Ndani vipakiti vingi, vinang'aa. Akapasua kimoja, kitu kikatoka kinateleza. Akapuliza. Jamani! Kikavimba kama tikiti la Krismasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama ile inaitwa kondomu. Sisi tulijua tu kwamba Mungu ametuona.

Tukapuliza, tukafunga, tukazungushia matambara. Ule mpira siku ya kwanza ulidunda ukapita juu ya bati, kunguru wote wa Mugeta wakahamia Serengeti, mpaka leo hawajarudi. Ukipasuka ndani, tunarudi ghalani. Wiki tatu tu, boksi likabaki na kipakiti kimoja. Hicho tukakiacha, kwa heshima.

Lile boksi lilifikaje pale, nilikuja kuelewa baadaye. Mama alikuwa amezaa mara nane, na wa mwisho alimtoa damu mpaka akapelekwa Bunda mjini kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nesi wa zahanati akamwita baba, akamwambia bila kuzunguka: huyu akibeba mimba nyingine, jiandae kulea peke yako.

Baba yangu mimi! Mwanaume ambaye akikohoa mbwa wa vijiji vitatu wanasimama. Alienda akapanga foleni zahanati katikati ya akina mama wenye watoto mgongoni, akaomba lile boksi, akarudi nalo kwapani, akaweka vichache chumbani na boksi akalificha ghalani. Wenzake mnadani wakamcheka wiki nzima.

"Baba Magesa, siku hizi unahudhuria kliniki? Unajifungua lini?"

"Nyie chekeni," akawajibu. "Mimi mke wangu namtaka juu ya ardhi."

Ikafika siku ya kupeleka pamba kwenye mzani. Baba alikuwa hajarudi tangu jana, alipeleka ng'ombe mnadani upande wa Buhemba, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Sisi watoto tuko uani tunamenya mihogo. Mama akaingia ghalani kuvuta gunia. Akakaa sana. Akatoka na boksi mkononi, amelishika kama mtu aliyeshika nyoka. Akaingia ndani, akarudi amebeba mdogo wetu mgongoni na nguo zake amefunga kwenye kitenge.

Bibi, mama yake baba, akamuuliza, "Mama Magesa, safari ya wapi?"

"Naenda kwetu Butiama, mama. Mwanao ameweka nyumba nyingine Buhemba."

Na baba huyo, anatokea njiani na fimbo yake, anaimba kabisa! Alipoona ule mzigo wa kitenge wimbo ukamfia mdomoni.

"Kuna nini, mama Magesa?"

"Boksi lilikuwa limejaa. Sisi wawili tumetumia vingapi? Sema hapa mbele ya mama yako!"

Baba akamwangalia mama yake. Akaangalia mbuzi. Mbuzi nao wakaangalia pembeni.

"Vingine vimeenda wapi?" mama akaendelea. "Huko machimboni ugonjwa umejaa. Mimba isiponiua, unataka uniletee ugonjwa uniue?"

"Haki ya Mungu, sijui vilikoenda," baba akasema. Nikaona ile mikono iliyokuwaga inaangusha fahali inaachia fimbo.

Magesa akanikanyaga mguu. "Nyamaza wewe. Tutachapwa tuote pembe."

Mimi nilikuwa na mpira pembeni yangu, golikipa haachi mpira. Nikamwona mama anaweka kitenge kichwani, anageuka, mdogo wetu mgongoni ananipungia mkono, anafikiri wanaenda gulioni. Nikapiga hesabu zangu za darasa la pili. Fimbo inauma halafu inapoa. Mama akishafika Butiama hapoi.

Nikachukua kisu cha mihogo, nikauweka mpira katikati ya uwanja wa nyumba, nikaupasua. Kamba zikatoka. Nailoni ikatoka. Matambara yakatoka, na gauni la bibi alilolitafuta mwezi mzima. Halafu zikaanza kutoka kondomu zenyewe, zilizopasuka na zilizovimba bado. Moja ikaponyoka, fyuuuu, ikazunguka uwanja kama nyuki mlevi, ikatua kwenye mguu wa bibi.

Hata kuku walisimama.

Bibi akainama, akaitazama, akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unadunda."

Mama akaanza kulia. Katikati ya kulia akacheka, halafu akalia tena, kitenge kikaanguka nguo zikamwagika. Baba akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima na heshima zake, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye uso. Halafu akaokota nguo za mama, moja moja, akazikung'uta vumbi na kumrudishia mkononi. Mbele ya mama yake! Mnadani wangesikia, wangemtungia wimbo.

Fimbo tulipata, msidhani tulisamehewa. Lakini baadaye mama akatukalisha chini, akatuambia bila kung'ata maneno. "Vile ni vya baba na mama. Vinanizuia nisibebe mimba itakayonimaliza, na vinazuia magonjwa. Mlikuwa mnamchezea mama yenu uwanjani." Magesa, kapteni mzima, alilia kuliko mimi.

Kesho yake baba akaenda Bunda na baiskeli. Akarudi na mpira wa dukani na boksi jipya, vyote kwenye mfuko mmoja. Akavitoa mbele yetu. "Huu wenu. Hili letu. Atakayechanganya ahame."

Vijana wa leo mnanichekesha. Siku hizi kondomu zipo kila duka, zina harufu ya stroberi, chokoleti, mtu unaweza kufikiri ni za kunywea chai. Lakini kwenda na mwenzake kupima, kijana anajificha ndani ya kofia kama mwizi wa kuku. Mwenzake akichelewa kujibu meseji dakika kumi, ameshamblock. Simu ikiisha chaji na uchumba umeisha. Hakuna anayemuuliza mwenzake usoni, "vingine vimeenda wapi?" akasubiri jibu.

Mama hakubeba tena. Yupo, anaishi kwangu hapa Musoma, mtaa wa Buhare, ameona mpaka vitukuu. Baba alitangulia. Watoto wakija na mpira wao mpya, mama anauomba kwanza. Anauminya. Anaupiga chini mara moja, mara mbili, anausikiliza.

"Huu ndani mmeweka nini?"

"Upepo tu, bibi."

Anatazama upande wa barabara ya Bunda, halafu anawarudishia mpira wao.

"Upepo tu," anasema. "Ndiyo maana haudundi kama ule wa Mugeta."